Majibu ya Mwaka Jana Hayasemi Kirusi Kimefika Wapi

Katika miaka ya 1980, madaktari wa ini nchini Ugiriki na Italia walikuwa na wagonjwa waliowatatiza. Watu hao walikuwa wameishi na homa ya ini B kwa muda mrefu, na kwa mujibu wa vitabu vya wakati ule walipaswa kuwa wamepata nafuu. Kipimo kilichoaminiwa sana, cha antijeni e, kilikuwa kimerudi hasi. Miili yao ilikuwa imeshatengeneza kingamwili dhidi ya antijeni hiyo. Mwanafunzi wa udaktari alifundishwa kwamba mgonjwa akifika hapo kirusi kimetulia, arudi nyumbani. Hawa hawakutulia. Vimeng'enya vya ini vilipanda na kushuka bila mpangilio, vipande vya ini vilivyochukuliwa kwa sindano vilionyesha makovu, na damu ilipopimwa kwa undani ilikutwa bado imejaa virusi.

Jibu lilipatikana mwaka 1989. William Carman, Howard Thomas na wenzao wa London, wakishirikiana na Stephanos Hadziyannis wa Athens, walisoma vinasaba vya virusi kutoka kwa wagonjwa wa aina hiyo herufi kwa herufi, wakachapisha walichokiona katika jarida la Lancet. Kwenye nafasi ya 1896, palipotakiwa kuwa na herufi G, palikuwa na A. Badiliko hilo moja huweka amri ya kusimama katikati ya maelekezo ya kutengeneza antijeni e. Antijeni haitengenezwi tena, kwa hiyo kipimo kinarudi hasi. Kirusi chenyewe kinaendelea kuzaliana, kwa sababu hakihitaji antijeni hiyo ili kiishi.

Tangu hapo imepita zaidi ya miaka 35, lakini kosa la kusoma neno "hasi" kana kwamba ni "salama" bado tunalo. Watu wengi wanaoishi na homa ya ini B hapa Afrika Mashariki hawakwenda hospitali kuitafuta. Waligundulika siku walipojitolea damu, au kliniki ya wajawazito, au walipopimwa afya ili waende kufanya kazi Uarabuni wakaambiwa safari yao imeishia hapo. Wanarudi kutafuta maelezo, wanapimwa tena, na wanapewa karatasi yenye mistari mitatu. HBsAg, alama kwamba kirusi kipo: chanya. HBeAg, ile antijeni e: hasi. Anti-HBe, kingamwili dhidi yake: chanya. Karatasi ina mhuri, saini na tarehe. Haina wingi wa virusi, haina hali ya ini, na mara nyingi haina siku ya kurudi. Kinachofuata ni maneno ya upole kutoka upande wa pili wa meza: "Dada yangu, ondoa wasiwasi. Wewe ni mbebaji tu, kirusi kimelala."

Anayesema hivyo hana nia mbaya, na kwa wagonjwa wengi maneno yake yana ukweli kwa siku ile. Sehemu kubwa ya watu ambao antijeni e yao imetoweka kweli wana kirusi kilichotulia na ini zima. Ila karatasi ile haiwezi kumtenganisha huyo na yule mgonjwa wa Ugiriki. Wote wawili wana mistari mitatu ile ile. Mmoja atazeeka bila shida. Mwingine ini lake linaendelea kuwekwa makovu kidogo kidogo, na atarudi siku tumbo litakapojaa maji na macho kugeuka manjano. Kumruhusu mtu aende zake kwa karatasi moja ya siku moja, wakati tunajua kirusi hiki hakikai kilivyo, ni jambo linalotugharimu maisha ya watu wenye umri wa kulea watoto.

Kirusi cha homa ya ini B ni miongoni mwa virusi vidogo kabisa vinavyomshambulia binadamu. Maelekezo yake yote yameandikwa kwa herufi takribani 3,200, wakati ya binadamu ni karibu bilioni tatu. Kikiingia kwenye seli ya ini, vinasaba vyake hupenya hadi ndani ya kiini cha seli, hujifunga duara, na duara hilo hukaa humo miaka na miaka likitolewa nakala. Kunakili kwenyewe kunapitia njia ya kuzunguka. Kwanza maelekezo yanaandikwa kuwa RNA, kisha kimeng'enya cha kirusi kinaigeuza RNA hiyo kuwa DNA. Kimeng'enya hicho hakina uwezo wa kuhakiki kazi yake, kikikosea herufi kinasonga mbele. Na kazi ni nyingi mno: mgonjwa ambaye kirusi kinazaliana kwa kasi ndani yake anaweza kutoa virusi vipya bilioni 100 na zaidi kwa siku moja. Kwa wingi huo, karibu kila kosa la herufi moja linaloweza kutokea hutokea kila siku.

Hata hivyo makosa mengi hufa pale pale. Kirusi kina jeni nne tu na zimepandiana. Herufi zile zile zikianza kusomwa hapa zinatoa protini ya ganda la nje, zikianza kusomwa hatua moja mbele zinatoa kimeng'enya cha kunakili. Ni kama mkeka: ukivuta ukindu mmoja umevuruga safu mbili. Kwa hiyo badiliko haliishi ila likiwa halijaharibu kitu cha lazima, na halitawali ila likikipa kirusi nafuu fulani. Na anayeamua nafuu ni ipi ni kinga ya mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Tumfuate mtu aliyeambukizwa akiwa mtoto, maana ndipo ugonjwa sugu huanzia. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa kubaki na kirusi maisha yake yote ni takribani asilimia 90, wakati kwa mtu mzima mwenye kinga ya kawaida ni chini ya asilimia 5. Katika miaka ya kwanza mtoto huyu ana virusi tele na haumwi. Antijeni e inamiminika katika damu yake na kuizoesha kinga ya mwili isikione kirusi kuwa adui. Miaka inapita, na siku moja kinga inazinduka na kuanza kuziua seli za ini zilizoambukizwa. Madhara ya ini hutokana zaidi na vita hivyo kuliko na kirusi chenyewe. Sasa kirusi kinachotoa antijeni e kinalengwa, na kile kilichopoteza uwezo wa kuitoa, ambacho kilikuwepo muda wote kwa uchache, kinapata nafasi ya kutawala.

Baada ya hapo njia zinagawanyika. Kwa wengi kinga inashinda kiasi cha kukinyamazisha kirusi. Kwa wengine kirusi kilichobadilika kinaendelea kuzaliana, na ugonjwa unakuwa wa vipindi: mwezi huu kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT kimepanda, baada ya miezi mitatu kimeshuka hadi kiwango cha kawaida, kisha kinapanda tena. Kila kipindi kinaacha kovu. Mgonjwa hasikii maumivu yoyote, kwa kuwa ini halilalamiki mpaka limeharibika sana. Akipimwa siku ALT iko chini ataambiwa yuko sawa, na kwa siku ile yuko sawa kweli. Ndiyo sababu madaktari wa ini hutaka vipimo vinavyofuatana ndani ya mwaka kabla ya kusema kirusi kimetulia, na hata baada ya kusema hivyo wanaendelea kupima.

Waliotufundisha zaidi kuhusu mwendo huu ni wanakijiji wa Taiwan. Kisiwa hicho kilikuwa na maambukizi mengi ajabu. Mwaka 1981 Palmer Beasley na wenzake walikuwa wameshaonyesha, kwa kuwafuatilia watumishi wa serikali 22,707, wote wanaume, kwamba wenye kirusi hiki walikuwa na hatari ya saratani ya ini iliyozidi ile ya wasio nacho kwa zaidi ya mara 200. Mwaka 1991 na 1992, Chien-Jen Chen na wenzake wakaenda kwenye maeneo saba, yakiwemo ya visiwa vya Penghu, wakachukua damu ya maelfu ya watu wazima na kuigandisha. Kisha wakangoja. Miaka zaidi ya kumi baadaye wakarudi kwenye damu ile ya watu 3,653 waliokuwa na kirusi na kuuliza: waliopata saratani, damu yao ilikuwa na nini siku ile ya kwanza, walipokuwa bado wazima?

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalibadilisha tiba duniani. Kati ya waliokuwa na virusi vichache visivyopimika, waliopata saratani katika kipindi cha ufuatiliaji walikuwa asilimia 1.3. Kati ya waliokuwa na nakala milioni moja au zaidi katika mililita moja ya damu, walikuwa asilimia 14.9. Wengi wa waliougua hawakuwa na antijeni e, na ALT yao ilikuwa ya kawaida. Wangekuja kwenye zahanati zetu wangeambiwa ni wabebaji tu.

Mwaka 2008 watafiti hao hao wakasoma herufi, na hapa ndipo somo linapokuwa gumu na la kuvutia. Waliokuwa na badiliko la 1896, lile la Ugiriki, walipata saratani kwa kiwango cha karibu theluthi moja tu ya wale ambao kirusi chao hakikuwa nalo. Waliokuwa na mabadiliko mawili ya jirani, kwenye nafasi za 1762 na 1764, hatari yao iliongezeka kwa asilimia 70 hivi. Yote hayo ni mabadiliko ya kirusi kimoja, yote yanapunguza antijeni e, na yanampeleka mgonjwa pande mbili tofauti. Ukisikia mtu anakwambia kirusi chake kimebadilika, bado hujaambiwa lolote mpaka ujue kimebadilika wapi, katika ukoo gani wa virusi, na kwa wingi gani.

Nafasi za 1762 na 1764 ziko kwenye kipande kinachoongoza kasi ya uandishi wa RNA ya kirusi. Zikibadilika, antijeni e inapungua na kirusi kinazaliana kwa nguvu zaidi. Tena, kwa kuwa jeni zimepandiana, herufi hizo hizo ni sehemu ya maelekezo ya protini iitwayo X, inayoingilia mifumo ya seli ya kudhibiti ukuaji na kurekebisha vinasaba vilivyoharibika. Badiliko moja linagusa kasi ya kirusi na utulivu wa seli kwa pamoja. Katika wilaya ya Qidong nchini China, ambako saratani ya ini imekuwa janga la vizazi, watafiti waliyakuta mabadiliko haya kwenye damu ya watu miaka kadhaa kabla saratani yao haijagunduliwa.

Sasa tuje kwetu, maana kirusi cha Taiwan si kirusi cha Tanga wala Kisumu. Virusi vya homa ya ini B vimegawanyika katika koo kumi, zilizopewa herufi A hadi J. Taiwan wana B na C. Magharibi mwa Afrika wana E. Ugiriki na nchi nyingine za Mediterania wana D zaidi. Kusini na mashariki mwa Afrika tunao hasa ukoo wa A, tawi la kwanza, uitwao A1. Anna Kramvis wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand ni miongoni mwa walioufuatilia kwa miaka mingi. A1 inapatikana pia India, Brazil na Haiti, na watafiti wanauhusisha usambaaji huo na njia za biashara na za watumwa katika Bahari ya Hindi na Atlantiki. Waliochukuliwa kwa nguvu kutoka bara hili walikwenda na kirusi hiki ndani ya miili yao, na herufi zake bado zinaonyesha walikotoka.

A1 ina jambo lake ambalo kila daktari wa Afrika Mashariki angepaswa kulijua. Kipande cha RNA yenye nafasi ya 1896 hujikunja, na herufi ya nafasi hiyo hushikana na ile ya 1858. Mshikano huo ni wa lazima kwa kirusi kujipakia. Kwa D ya Ugiriki, nafasi ya 1858 ina herufi T, hivyo G ya 1896 ikigeuka A mshikano unakuwa imara zaidi. Kwa A1 nafasi ya 1858 kwa kawaida ina C. Hapo G ikigeuka A mshikano unavunjika na kirusi hakifiki mbali. Kwa hiyo badiliko mashuhuri kuliko yote katika vitabu ni adimu kwa kirusi chetu.

Je, kirusi chetu basi kinabaki na antijeni e? La. Kinaipoteza mapema kuliko vya Asia, wengi wakiwa bado vijana, kwa njia nyinginezo: kwa herufi za nafasi za 1809 hadi 1812, zinazofanya maelekezo ya antijeni yasomwe kwa ulegevu, kwa badiliko la 1862, linaloiacha protini ikwame ndani ya seli, na kwa mabadiliko yale yale ya 1762 na 1764 yaliyotia hofu Taiwan. Hii ni sababu mojawapo kwa nini wajawazito wa kwetu wenye antijeni e ni wachache kuliko wa Asia, na kwa nini watoto wetu wengi wameambukizwa wakiwa wadogo majumbani na michezoni, si wakati wa kuzaliwa peke yake. Mjamzito wa kwetu akikutwa hasi kwa antijeni e hajathibitishwa kuwa hawezi kumwambukiza mwanawe.

Na saratani? Mwaka 2005 Michael Kew, Kramvis na wenzao walichapisha utafiti wa Afrika Kusini ulioonyesha kwamba wenye ukoo wa A walikuwa na hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara nne ya wenye koo nyingine, na waliugua wakiwa na umri mdogo zaidi kwa miaka kadhaa. Hili si jambo geni kwa wazee wa migodini, maana tangu katikati ya karne iliyopita vijana wa Msumbiji waliokwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini walijulikana kwa kufa na uvimbe wa ini wakiwa na nguvu zao. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa wa saratani ya ini kutoka nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania na Uganda. Ukiiondoa Misri, ambako ugonjwa unatokana zaidi na homa ya ini C, umri wa kati wa mgonjwa siku ya kugunduliwa ulikuwa katikati ya miaka ya arobaini. Muda wa kati wa kuishi baada ya hapo ulikuwa miezi miwili na nusu.

Tarakimu hiyo inaniuma kila ninapoirudia. Miezi miwili na nusu haitoshi hata kumaliza muhula wa shule wa mtoto wa huyo mgonjwa.

Sehemu ya maelezo ya umri huo mdogo ni kwamba kirusi hakihitaji kusubiri ini lisinyae. Vipande vya vinasaba vyake huchomeka ndani ya vinasaba vya seli ya ini yenyewe, na mara nyingi katika uvimbe hukutwa karibu na jeni iitwayo TERT, inayoipa seli uwezo wa kugawanyika bila kikomo. Uchomekaji huo huanza mapema katika maambukizi. Kwa hiyo mtu anaweza kupata saratani akiwa na ini lisilo na makovu mengi, na kipimo cha makovu kikawa hakijamwonya.

Sehemu nyingine iko ghalani. Mwangalie mama anayepeta mahindi uani baada ya mavuno yaliyonyeshewa. Anatikisa ungo, makapi yanaruka, kisha anainama na kuchambua kwa vidole. Punje iliyosinyaa, iliyopasuka ganda, yenye vumbi la kijani kwenye kiini, anaitupa pembeni. Ikiwa mahindi ni machache hatupi zote. Zile mbaya kiasi zinakwenda kwa kuku, au kwenye pombe, au zinachanganywa na nzuri zikasagwe. Vumbi hilo ni kuvu, kwa jina la kitaalamu Aspergillus flavus, anayetoa sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha ugali. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Hao walikufa kwa kula sumu nyingi kwa mara moja. Kwa wanaokula kidogo kidogo miaka yote madhara hayaonekani, lakini yanaacha alama. Ini linaigeuza sumukuvu kuwa kemikali inayong'ang'ania kwenye DNA ya binadamu, na ina mahali inapopapendelea: kodoni ya 249 ya jeni ya p53, jeni ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Herufi G inageuka T. Tafiti mbili zilizochapishwa pamoja katika jarida la Nature mwaka 1991, moja ya Qidong na moja ya kusini mwa Afrika, zilionyesha badiliko hilo hilo katika uvimbe wa wagonjwa wa mabara mawili. Utafiti wa Shanghai wa miaka iliyofuata ulipima uzito wa kila kimoja. Sumukuvu peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini kama mara tatu, kirusi peke yake kama mara saba. Vikikutana kwa mtu mmoja hatari ilifika karibu mara 60. Kirusi kinabadilika, na seli ya mtu nayo inabadilishwa, ndani ya ini lile lile. Kwa maoni yangu, mtu yeyote anayegundulika na homa ya ini B katika nchi inayoishi kwa ugali angepaswa kuambiwa habari za mahindi siku hiyo hiyo, kabla hajainuka kwenye kiti.

Dawa ipo, nayo ina historia yake ya mabadiliko. Lamivudini iliidhinishwa kwa homa ya ini B nchini Marekani mwaka 1998, ikapokewa kwa shangwe. Inakwama kwenye kimeng'enya cha kunakili na virusi vinapungua ghafla. Baada ya miaka minne au mitano, takribani asilimia 70 ya waliokuwa wakiitumia peke yake walikuwa na kirusi kilichobadilika herufi mahali pale pale dawa inapokwamia. Afrika tulipitia jaribio hilo bila kulipanga. Vidonge vya kwanza vya kupunguza makali ya VVU vilivyosambazwa kwa wingi vilikuwa na lamivudini ndani yake bila dawa nyingine inayogusa kirusi cha ini. Mgonjwa mwenye maambukizi yote mawili alikuwa anatibiwa VVU kwa dawa tatu na homa ya ini kwa dawa moja, mara nyingi bila yeye wala daktari wake kujua.

Tenofoviri iliondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, kwani baada ya miaka mingi ya matumizi usugu dhidi yake umebaki adimu sana. Kwa kuzuia kunakili inapunguza pia nafasi ya makosa mapya, na wagonjwa wanaoinywa bila kukatiza makovu yao huweza kurudi nyuma. Haiondoi lile duara lililojificha ndani ya kiini cha seli. Mgonjwa akiacha vidonge kwa uamuzi wake, kirusi kinaweza kuamka kwa kishindo na kuangusha ini ndani ya wiki chache.

Wengine huuliza kama chanjo nayo haijapitwa na mabadiliko haya. Mwaka 1990 Carman yule yule alieleza kisa cha mtoto wa Italia aliyeambukizwa na kirusi kilichobadilika kwenye ganda licha ya chanjo. Visa hivyo vipo lakini havijadhoofisha kampeni yoyote. Taiwan walianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na ndani ya muongo mmoja saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilipungua kwa karibu nusu. Kenya iliingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002. Pengo letu liko kwenye dozi ya saa 24 za kwanza za maisha, ambayo mwaka 2022 iliwafikia asilimia 18 tu ya watoto wa kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, kanda iliyobeba asilimia 63 ya maambukizi mapya yote duniani.

Kwa waliozaliwa kabla ya chanjo, hesabu ni nzito zaidi. Duniani mwaka huo wa 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na homa ya ini B sugu, na watu milioni 1.1 walikufa kwa sababu yake. Katika kanda ya Afrika, waliokuwa wamegunduliwa walikuwa asilimia 4.2 ya wenye kirusi. Waliokuwa kwenye dawa walikuwa asilimia 0.2.

Mwezi Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya uliolegeza masharti ya kuanza tiba. Katika mwongozo huo antijeni e si mwamuzi. Zinatazamwa dalili za kovu kwa hesabu inayopatikana kutokana na vipimo vya kawaida vya damu, wingi wa virusi, ALT, maambukizi mengine kama VVU, na kama kuna aliyeugua saratani ya ini katika familia yake. Mahali pasipo na kipimo cha wingi wa virusi, ALT iliyobaki juu kwa vipimo vya kurudia inatosha kuanzisha dawa. Naona hii ndiyo habari kubwa kuliko zote kwa nchi zetu, na inasikitisha kwamba haijafika kwa wauguzi wengi wanaotamka neno "mbebaji" kila wiki.

Vifaa si ndoto. Tenofoviri ni sehemu ya vidonge vya VVU vinavyotolewa bure kila siku kwenye kliniki zetu za tiba na matunzo, ila katika nchi nyingi za bara hili mtu mwenye homa ya ini peke yake anaelekezwa akainunue duka la dawa. Mashine za GeneXpert, zilizoletwa hadi hospitali za wilaya kupima kifua kikuu, zina katriji ya kupima wingi wa virusi vya homa ya ini B, na jibu hutoka mgonjwa akiwa bado yuko kwenye benchi. Katriji hizo lazima ziagizwe, ziwekwe kwenye bajeti ya halmashauri, na karatasi ya maabara iongezewe mistari miwili: wingi wa virusi, na tarehe ya kurudi.